Pole kwa Kibali

Kwenye lango la nchi ya Yakini nilijikwaa. Kizingiti chao ni cha jiwe, kimeinuliwa kuliko inavyohitajika, na kucha ya kidole gumba cha mguu wangu iling'oka nusu. Nikakaa chini nikaushika mguu kwa mikono miwili. Palikuwa na walinzi wawili na mama mmoja anayefagia. Walinitazama mpaka nikamaliza kugumia, na hakuna aliyefungua kinywa. Nimetembea nchi nyingi, nyingine za watu wakali kweli, lakini sikuwahi kuona mahali mtu anang'oka kucha mbele za watu asiambiwe hata pole. Nikajisemea kwamba hawa watu hawana utu. Baadaye ndipo nilipojua kuwa yule mfagiaji alikuwa ameuma midomo ili asivunje sheria.

Sheria yenyewe ni hii. Katika Yakini neno pole halitamkwi ovyo. Wanasema mababu zao walichoshwa na watu wa kujiliza. Huyu anadai kichwa, yule anadai mgongo, na hakuna awezaye kumwingia mwenzake ndani akahakikisha. Wakaona huruma inamwagwa bure kwa waongo, wakaunda Ofisi ya Mguso, na tangu hapo pole hutolewa kwa kibali. Asiye na kibali, jirani hamwambii pole, tabibu hamgusi, na mwajiri hamruhusu kuketi. Hata methali wameirekebisha. Sisi tunasema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, wao huongeza, "na Ofisi ya Mguso."

Kibali hupatikana kwa unywele. Mtu huketishwa kwenye kigoda, hufunikwa kichwa kwa kitambaa cheusi, na shingo yake huachwa wazi kwa nyuma. Kisha mshika unywele humgusa kisogoni kwa unywele mmoja wa mkia wa farasi, na kengele hulia. Kila kengele ikilia, aliyeketi hujibu "nimehisi" au "sijahisi." Unywele ni uleule, shingo ni ileile, na mkono umefundishwa kugusa vilevile. Kwa hiyo, wanasema, jibu lazima liwe lilelile. Anayejibu nimehisi kila mara huvishwa uzi mweupe shingoni na kuitwa mkweli, na tangu siku hiyo akisema anaumwa anasadikiwa. Anayehisi mara hii na mara ile asihisi huitwa kigeugeu. Neno la kigeugeu halipokewi, iwe juu ya unywele au juu ya ubavu wake mwenyewe.

Niliwauliza kwa nini wamechagua kitu chepesi namna hiyo. Wakanijibu kwamba aliye mwaminifu kwa dogo atakuwa mwaminifu kwa kubwa. Niliitikia kwa kichwa kwa heshima, maana mgeni njoo mwenyeji apone, na mgeni mwenye ubishi haponyi mtu.

Nilipangiwa kulala kwa Bi Mize, mjane msuka mikeka, anayeishi na binti yake Mwanahawa. Ni mama wa umri wa kuamkiwa shikamoo, mwenye vidole vyepesi na maneno machache. Siku ile ya kwanza alinipikia wali wa nazi na samaki wa kukaanga, na alipokuwa akiinama kuepua sufuria nilimwona amesimama ghafla, mkono mmoja ukutani, mwingine chini ya mbavu za kulia, jasho likimtoka usoni. Nilifungua mdomo kusema lile neno. Mwanahawa akauwahi mdomo wangu kwa kiganja chake chenye unga. Dirisha lilikuwa wazi, na majirani wana masikio.

Aliponitoa nje alinieleza. Mama yake alikuwa na uvimbe chini ya mbavu, unaokuja kwa kukata kama kisu kisha ukamwacha, halafu ukarudi. Tabibu wa mtaa, mtu mwema, alikuwa amekubali kumpasua na kuutoa kabla haujakomaa. Kilichobaki ni kibali tu. Lakini Bi Mize alikwisha kuketi kwenye kigoda mara moja, akafeli, na sheria inaruhusu kurudia mara moja tu. Akifeli tena, anahamishiwa Mtaa wa Nyuma pamoja na vigeugeu wengine, na tabibu mwenye uzi haruhusiwi kukanyaga huko.

"Nimemwambia mama aseme nimehisi tu, kila kengele ikilia," alisema Mwanahawa. "Hataki."

Nilimuuliza Bi Mize mwenyewe sababu. Hakuacha kusuka. Aliniambia kwamba unywele ule, mara nyingine ameusikia vizuri kabisa, na mara nyingine hakusikia kitu, na yeye hajui ni kwa nini. Alidhani ni ubovu wake, kwa kuwa wenye uzi wote nchini wanauhisi kila mara. Kisha akasema: "Lakini nikisema uongo, mwanangu, hiyo pole watakayonipa watakuwa wamempa mwanamke mwingine. Mimi nitakuwa bado nimekaa hapa naumwa."

Siku iliyofuata niliitwa mimi. Kila mgeni anayekaa Yakini lazima apimwe, ili ijulikane kama maneno yake yana uzito, wala hatoki tena langoni asiye na uzi. Mkuu wa Mguso ni Bwana Ngwali, mtu mpole, mnene, mwenye sauti ya kubembeleza. Kabla ya kupimwa niliwekwa chumba kitupu ili nitulie, kwani wana sheria nyingine iitwayo Utulivu wa Ndani: anayesubiri kigoda haruhusiwi kuwa na jambo lolote moyoni. Nilijitahidi. Nilifumba macho nikajaribu kutowaza kitu, na hapo hapo ukaja wimbo wa harusi nilioupenda utotoni, ikaja harufu ya samaki wa Bi Mize, kidole changu kikapwita, na bega likawasha pasipo kuguswa na mdudu wala mtu. Kadiri nilivyojinyamazisha ndivyo ndani kulivyopigwa zogo.

Wakanifunika kitambaa. Kengele ikalia, na nikahisi kitu kisogoni, chepesi lakini dhahiri. Nikasema nimehisi. Ikalia tena. Sikuhisi chochote. Nilingoja kidogo, nikidhani labda mguso uko njiani. Kulikuwa kimya, na katika kimya hicho nilisikia watu wakinisubiri. Nikasema nimehisi. Baada ya hapo ikawa rahisi; kengele ikilia mimi najibu, na sikujishughulisha hata kuisikiliza shingo yangu. Waliponifunua walinipigia makofi, nikavishwa uzi, na Bwana Ngwali akanikumbatia. Nilirudi nyumbani kwa Bi Mize nikiwa nimeinua kola ya kanzu ili asiuone haraka. Aliuona. Alifurahi kwa ajili yangu, akaniongezea samaki.

Nataka msomaji aelewe kwamba nchi hiyo si ya wajinga. Wana Baraza, na katika Baraza wana mijadala mikali kuliko ya kwetu. Nilihudhuria mmoja. Upande mmoja walikuwa Watu wa Ngozi, wakiongozwa na Bwana Ngwali, wanaoshikilia kwamba kinachohisiwa hutoka nje peke yake. Upande wa pili walikuwa Watu wa Ndani, wachache, na msemaji wao Mwalimu Tamimu, mtu mwembamba mwenye kikohozi cha wasomi.

Mwalimu Tamimu alisema kwamba mwili ni nyumba, na mguso ni mtu anayebisha hodi. Hodi inaweza kuwa ileile, lakini nyumba haiwi ileile. Hata asipokuja mgeni, ndani hakunyamazi: mtu anakohoa, mlango unalia, watoto wanavutana, chungu kinachemka. Kelele hizo huja zenyewe, hupanda na kushuka. Hodi ikigonga zimepanda, haisikiki. Ikigonga zimeshuka, inasikika. Kuna nyakati nyumba nzima imetega sikio, na hapo mtu husikia hodi hata ambapo hakuna aliyebisha. Ndivyo ilivyo kwa unywele, akasema, na ndivyo ilivyo kwa maumivu. Maumivu hayapimwi kwa kilichogusa peke yake. Anayesema nimehisi, kisha sijahisi, huenda ndiye pekee anayetuambia kweli.

Bwana Ngwali aliinuka bila haraka. Alitaka kujua hizo kelele zinazojianzisha zenyewe zimeruhusiwa na nani. Kama hakuna aliyeziruhusu, basi ni fujo, na fujo haiwezi kuwa hoja mbele ya Baraza. Watu walicheka kwa kuridhika. Mwalimu Tamimu akaomba basi wafanye jaribio dogo: kengele ilie siku moja bila unywele kumgusa mtu, ionekane ni wangapi watasema nimehisi. Hapo ukumbi ulichafuka. Mzee mmoja mwenye uzi uliochakaa alisimama, akauliza kama Mwalimu anataka kuwatukana wakweli wa nchi nzima. Pendekezo likatupwa. Badala yake likapitishwa azimio la kuongeza muda wa kukaa chumba kitupu, na kuzikataza rasmi kelele za ndani.

Nilimfuata Mwalimu Tamimu nje. Nilimsifu, kisha nikamuuliza, kwa kuwa naye alikuwa na uzi shingoni, yeye mwenyewe alipopimwa alijibu nini. Alitazama viatu vyake. Aliniambia kwamba kigeugeu haruhusiwi kusema ndani ya Baraza, na bila kusema ndani ya Baraza asingeweza kuwatetea vigeugeu. Alilisema hilo kama mtu aliyelirudia mara nyingi akiwa peke yake. Nikaugusa uzi wangu, na tukaagana bila kutazamana.

Kesho yake Bwana Ngwali alinitumia salamu za heshima. Bi Mize anaketi kigodani kwa mara ya mwisho, na kwa kuwa mimi ni mgeni nisiye na upande, tena mkweli aliyethibitishwa, nimepewa tunu ya kuwa mshika unywele. Alinieleza mwenyewe ukubwa wa kazi hiyo. Mshika unywele, akiwa na unywele mkononi, neno lake halikataliwi na mtu yeyote, hata Baraza. Lazima iwe hivyo, maana wakilikataa neno lake kipimo chote kinaanguka. Unywele ukisharudi kwenye kisanduku chake, yeye anarudi kuwa mtu kama watu wengine.

Nilimweleza Bi Mize. Hakuniomba nimpendelee. Alisema anachotaka ni kwamba nimguse kama inavyopasa, na nikiulizwa jambo niseme lilivyo. Nikamwahidi. Mwanahawa alikuwa mlangoni, akanitazama kwa namna ya mtu anayetaka kuamini.

Ukumbi ulijaa. Tabibu alikuwa amekuja na mkoba wake, ameuweka mapajani, tayari kumchukua mgonjwa mara tu kibali kitakapotoka. Bi Mize aliketi, nikamfunika mimi mwenyewe. Nywele zake za kisogoni zilikuwa nyeupe na chache. Nilishika ule unywele, nikamgusa, kengele ikalia.

"Nimehisi," alisema.

Nilimgusa tena, palepale, kwa uzito uleule, kadiri mkono wa binadamu unavyoweza. Kengele ikalia. Chini ya kitambaa palikuwa kimya. Nilimwona Mwanahawa akisema nimehisi kwa midomo tu, bila sauti, akimsemea mama yake ambaye hawezi kumwona.

"Sijahisi," alisema Bi Mize.

Watu waliguna. Bwana Ngwali aliniuliza kama nilikuwa nimegusa sawasawa, nikasema ndiyo, na hiyo ilikuwa kweli. Akataka kutangaza. Ndipo Bi Mize, akiwa bado amefunikwa, alipoomba kumuuliza mshika unywele neno moja. Desturi inaruhusu, akaruhusiwa.

"Mwanangu," alisema, "juzi ulikaa hapa nilipokaa mimi. Wewe ulihisi kila mara?"

Aliuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kujua ubovu wake uko wapi. Unywele ulikuwa mkononi mwangu. Mwalimu Tamimu, pale kwenye kona, aliinua uso. Tabibu alishika mshipi wa mkoba. Neno moja tu, la silabi chache, na hakuna mtu katika nchi ile ambaye angeweza kulikataa. Lingemwokoa yeye, na lingefungua midomo ya ukumbi mzima, kwa sababu sasa nimekwisha jua kwamba kila aliyekuwemo alikuwa na neno lilelile kooni.

Sikuogopa kufungwa, wala sikuogopa kufukuzwa. Ningekuwa na hofu ya maana, leo ningejionea huruma kidogo. Niliogopa nyuso. Niliona zile nyuso zilizonipigia makofi, nikafikiria zitakavyogeuka, na aibu ya dakika moja ikanishinda nguvu.

"Nilihisi," nilisema. "Kila mara."

Bi Mize aliitikia kwa kichwa chini ya kitambaa. Nikaurudisha unywele kisandukuni. Tabibu alisimama, akauvuta mkoba wake begani na kutoka akipita ukutani, bila kumtazama mtu. Walipomfunua Bi Mize alinishukuru kwa kumgusa vizuri.

Sikulala kwake siku hiyo. Nyumba ilikuwa ikifungwa, wenyewe wakihamishiwa Mtaa wa Nyuma. Asubuhi nilikwenda Ofisi ya Mguso nikiwa nimedhamiria kusema yote. Bwana Ngwali alinikaribisha chai ya tangawizi na vitumbua. Nilimwambia kwamba nilidanganya kigodani, na nilidanganya tena ukumbini, na kwamba Bi Mize ni mkweli kuliko sisi sote. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akinimiminia chai.

"Unasema ulidanganya," alisema. "Basi wewe ni mwongo, na neno la mwongo hatulipokei. Kwa hiyo hata hilo la kwamba ulidanganya silipokei, na ulilosema jana linabaki palepale. Jana, unywele ukiwa mkononi mwako, ungelisema tusingekuwa na la kufanya. Leo umeshika kikombe."

Nilimwambia kwamba hiyo ni dhuluma. Alikubali kwa kichwa, bila hasira. Akajipapasa kisogo, polepole, pale unywele unapogusa, na akaniuliza kama nilidhani mimi ndiye wa kwanza kuja kunywa chai yake asubuhi ya pili. Akasema vitumbua vinapoa.

Mtaa wa Nyuma uko mbele ya hapo, ukivuka mfereji. Nilitarajia kukuta vilio. Nilikuta watu wakichota maji na kuanika nguo, na kila wawili wakikutana, huulizana "Leo kunaumaje?" na kungoja jibu. Mmoja anasema leo hakuumi, mwenzake anamwamini. Mwingine anasema tangu alfajiri kunauma sana ingawa jana hakukuuma kabisa, naye anaaminiwa vilevile, na anaambiwa pole. Nilisikia neno hilo huko mara nyingi mpaka nikaona haya kulisikia, kwa kuwa sikustahili kulisikiliza.

Bi Mize alikuwa amelala kwenye mkeka wake mwenyewe. Mwanahawa alikuwa akimkanda ubavuni kwa kitambaa chenye mchanga wa moto, maana huko hakuna tabibu, na mchanga ndio dawa yao. Aliponiona aliinamisha kichwa akaendelea kukanda. Uvimbe sasa ulionekana hata juu ya kanga. Nilipiga magoti. Nikamwambia Bi Mize kwamba sikuhisi, kwamba nilihisi mara ya kwanza tu, na yaliyobaki niliyasema kwa sababu kengele ililia. Kwamba hakuwa na ubovu wowote, na kwamba mimi ndiye niliyemleta hapo.

Aliliacha kwanza wimbi la maumivu lipite. Nilitaka anitukane. Mwanahawa angenitukana kama angeachiwa, niliona kwenye mkono wake ulivyobana kile kitambaa. Lakini mama alikuwa akinitazama usoni kama alivyokuwa akitazama ukindu kabla ya kuusuka, kuona umekauka wapi. Hakuniomba ushahidi. Hakuniuliza ni nani aliyenithibitisha.

"Inakuuma," alisema. Nikasema ndiyo. Akaunyosha mkono akanigusa kisogoni, kwa ncha ya kidole, kidogo sana, na nilihisi.

"Pole, mwanangu."

Kwetu mtu akiambiwa pole hujibu nishapoa, hata kama hajapoa, kwa adabu tu. Nimelijibu hivyo maisha yangu yote, kwa homa, kwa misiba, kwa kucha zilizong'oka. Pale mkekani nililitafuta nikashindwa kulitamka. Nilimwambia bado, na huo uzi walionivisha ninao mpaka leo, kwa sababu bila uzi nisingeruhusiwa kutoka langoni.